Difu ya Mashindano na Mtihani wa Kemunto

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua kule Stafford, ughaibuni, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya. Leo hasira imepata wa kumalizikia, mwanangu, maana umenijia na gari lako kuukuu la michezo, la viti viwili, na picha ya difu unayotaka kuagiza. Umeshawauliza wageni wote wa mtandaoni. Mimi mjomba wako umenionyesha tu ili nikusifu!

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Enzi za simu za kukunja nilinunua gari jekundu la viti viwili, lililokaribia umri wangu. Difu yake, ile inayoyagawia magurudumu ya nyuma nguvu ya injini, ilikuwa ya kawaida: gurudumu moja likiteleza, nguvu yote inapotelea huko. Nikataka difu inayoyafanya yote mawili yavute pamoja. Mpaka hapo sikuwa na kosa.

Fundi wangu alikuwa Papa Bahati, Mkongomani aliyeshinda kiwandani na jioni akitengeneza magari kwake nyumbani. Alifuta mikono, akauliza swali moja.

"Mdogo wangu, mu hii motokari unabebaka nani?"

"Mimi peke yangu," nikamjibu.

Uongo mtupu. Kila siku nilimpeleka dada yangu Kemunto chuoni, alikosomea uuguzi.

Akanishauri nichukue difu ya meno, inayokamata taratibu hata barabara ikilowa. Ile ya sahani zilizobanwa sana, alisema, ni ya mashindano. Kwenye maji magurudumu yote mawili huteleza kwa mpigo. Unajua nilifanya nini? Nilicheka! Mimi Mkenya, niliyesoma majarida ya Kiingereza jalada hadi jalada, nifundishwe difu na mtu anayesema "mu motokari"? Nikaagiza ya sahani, naye akaifunga.

Siku ya mtihani wa Kemunto wa leseni ya uuguzi mvua ilinyesha. Hata sikuwa na mbio. Kwenye kona ya kupandia barabara kuu nilikanyaga mafuta kidogo tu, gari likageuka nyuma mbele, tukaishia mtaroni tukitazama tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Kemunto alitazama saa, halafu akanitazama mimi.

"Exam inaanza saa mbili, na mimi niko kwa mtaro. Si ungeniambia tu ni-book teksi?"

Mtihani ulimpita. Kazi aliyoahidiwa hospitalini ilimngoja kwa muda, kisha ikapewa mwingine. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, ila kwenye gari lile hakuingia tena. Papa Bahati alipokuja kulivuta hakunicheka hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Basi sikia, maana nimechoka kurudia. Kabla hujaagiza, mwambie fundi ukweli: ni nani anayekaa kiti cha pili? Na anayeshika spana msikilize, hata kama Kiswahili chake kinakuchekesha. Picha ya simu haitakaa nawe mtaroni.

Mimi kiti chako cha pili nakijua. Jumapili mama yako amekubali umpeleke kanisani. Ndiye Kemunto huyo huyo, ambaye tangu asubuhi ile hajapanda gari la viti viwili. Mungu akupe masikio, mwanangu, awakaushie barabara, na awafikishe nyote wawili kabla ya wimbo wa kwanza.