Joto la Leonie

Marceline Doucette alikuwa na mdomo ambao gati zima liliuogopa, lakini Ijumaa ile asubuhi, amepiga magoti kando ya injini ya chombo chake, Leonie, alinyamaza kimya mpaka shemeji yake Anselme akaingiwa na wasiwasi.

"Umekufa huko chini?" Anselme aliita kutoka kwenye usukani.

"Nikifa utajua, utasikia raha masikioni. Pandisha moto."

Walikuwa wametoka hadi boya la nje. Kwa mwendo wa polepole, Leonie alikwenda vizuri, sindano ya joto imetulia kwenye themanini na mbili. Anselme alipopandisha moto, sindano nayo ikapanda. Tisini. Tisini na tano. Tisini na tisa, king'ora kikalia.

"Punguza! Punguza, Anselme!"

Wakarudi wanajikokota kama bibi harusi asiyemtaka bwana.

Zilibaki siku tatu tu. Jumatatu, saa kumi na mbili alfajiri, ndiyo Siku ya Kutosa. Vyombo vyote vya pwani ile ya Nova Scotia hutoka kwa pamoja kwenda kutosa madema ya kambakoche, na wiki ya kwanza ndiyo inayolisha nyumba nusu mwaka. Anayechelewa huokota makombo. Mume wake Ulysse alifariki Februari. Miaka ishirini na mmoja Marceline alikuwa baharia wake, na huu ulikuwa msimu wake wa kwanza kushika usukani. Waliompa pole msibani sasa walikuwa wanasubiri kuona kama ataanguka.

Fundi Curtis Goreham aliwangoja gatini, mikono mfukoni. Jumatano alikuwa amebadilisha thamostati na pampu ya maji, na joto halikujali hata kimoja.

"Basi ni gasketi ya hedi," alisema. "Imeungua. Niiinue hedi, kichwa chenyewe cha injini, niitazame, na nikikuta imepinda, tutaitoa injini nzima. Wiki mbili, Mama Doucette. Labda tatu."

"Wiki tatu! Si uniambie tu nikafuge kuku? Umeona mafuta kwenye maji?"

"Hapana."

"Moshi mweupe?"

"Bado."

"Povu kwenye tangi la maji? Maji yamepungua?"

"Hapana. Lakini kuna gasketi zinazoanza kimyakimya." Curtis hakuwa mwizi, na Marceline alilijua hilo, ndilo lililomtia hofu. "Ukiniuliza kama nina hakika, sina. Ila Jumatatu utakuwa umebeba madema mia tatu sabini na tano na roho za watu wanne. Injini ikizima karibu na miamba, miamba haitakuuliza habari za povu. Na huu mpira wa maji hapa umepasuka, ona. Huo ubadilishe hata kama mengine hutaki."

"Mpira nakubali. Badilisha."

"Na hedi?"

"Nipe muda."

"Kesho saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi yako anachukua mwingine, nina watu wanagombana mlangoni."

Curtis akafunga mpira mpya, akaenda zake. Marceline akateremka tena kwenye injini. Ulysse, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia moja: kabla hajashika spana, alishika mabomba. Leonie hapozwi kwa kuvuta maji ya bahari ndani. Maji ya injini hushuka yakiwa moto, hupita kwenye mabomba ya shaba yaliyolala chini ya chombo, kando ya mkuku, bahari huyanyang'anya joto, kisha hurudi. Marceline akamwambia Anselme aweke gia huku kamba za gatini zimekaza. Sindano ilipoanza kupanda, akavua glavu na kuweka kiganja kwenye bomba la kushuka. Likamchoma. Akashika la kurudi.

Likamchoma vilevile.

Akabaki amejishika mkono. Maji yanakwenda, basi pampu ni nzima. Yanarudi, hakuna palipoziba. Ila yanarudi na joto lake lote, kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na kikapu kitupu. Kwa hiyo bahari haiyagusi. Kitu gani kimekaa katikati?

Mei, Anselme alipomalizia msimu wa marehemu, Leonie alikuwa mzima. Tangu Mei kimebadilika nini?

Akapanda juu taratibu. "Shemeji. Oktoba ulipompaka rangi chini, ulipaka wapi na wapi?"

Uso wa Anselme ukang'aa. Kule rangi ni heshima. Chombo chenye doa huchekwa kuliko mlevi. "Kila mahali! Hata yale mabomba ya chini ambayo marehemu alikuwa akiyaacha. Kila mwaka walimwita mvivu, nikasema mwaka huu hawatamcheka kaka yangu kaburini. Tabaka tatu, nzito! Haitabanduka leo wala..."

Akaona macho ya shemeji yake.

"Umemvisha Leonie blanketi tatu," Marceline alisema, "halafu tunashangaa anatoka jasho."

Anselme akaketi juu ya dema. "Mimi ndiye?"

"Sijui. Huenda ni wewe, huenda ni gasketi. Usianze kulia, sijamaliza kukutukana."

Shida ilikuwa maji ya bahari yenyewe. Jumamosi yangekupwa kabisa saa nne asubuhi, na hapo Leonie angeegemezwa gatini akae juu ya tope, mabomba wazi. Lakini asingeelea tena kabla ya saa nane. Curtis alitaka jibu saa sita. Angejibu kabla hajajua.

Kesho yake wakashuka kwenye tope na mabapa ya chuma ya kukwangulia. Anselme alilala kifudifudi chini ya mkuku, akakataa kupokewa. "Mkono huu ndio uliopaka, mkono huu ndio utakaokwangua."

"Kwangua basi, lakini ukitoboa shaba nakuacha hapo na kaa."

Rangi nyekundu ilitoka vipande vinene kama ngozi. Saa sita kasoro dakika tano, upande wa kulia ulikuwa umebaki shaba tupu, wa kushoto umefika nusu, na maji yalishawafika magotini. Simu ikalia mfukoni mwa Marceline.

"Nasubiri," alisema Curtis.

Marceline akamtazama Anselme, midomo ya buluu, anakwangua kama mtu anayefukua mtoto aliyefunikwa na kifusi. Akafikiria miamba. Akafikiria bomba lililomchoma kiganja.

"Mpe mwingine," akasema, akarudisha simu mfukoni na kurudi chini ya mkuku.

Walimaliza maji yakiwa kiunoni. Saa tisa walikuwa kwenye boya la nje. Marceline alishika usukani, akamgeuza Leonie kwa kufuata jua, maana hata kwa haraka ile asingethubutu kugeuza kinyume chake na kujiletea mkosi wa mabaharia. Anselme alikuwa chini na mabomba.

"Moto wote!" aliita Marceline, akasukuma.

Themanini na mbili. Themanini na tano. Themanini na saba. Akashikilia usukani kwa mikono miwili. Themanini na saba. Bado themanini na saba.

"Anselme! Linalorudi?"

Akagonga sakafu kwa kisigino.

"Anselme, sema, mbwa wewe!"

"Vuguvugu!" Sauti ilipasuka. "Vuguvugu kama chai ya mama yako!"

"Mama yangu muache."

Jumatatu, giza likianza kufifia, Curtis alikuja gatini na kikombe mkononi, akatazama madema yaliyopangwa juu ya Leonie hadi kuziba dirisha la nyuma.

"Mzigo kamili haujaujaribu," alisema.

"Najua."

"Bahari ikitulia, uniletee niitazame ile gasketi."

"Nitakuletea. Na wewe kabla hujafungua injini ya mtu, lishike bomba kwanza. Haliumi sana."

Honi ikapigwa. Vyombo vyote vikatoka kwa mkupuo. Marceline hakutazama nani yuko mbele. Macho yake yalikuwa kwenye sindano. Lile boya la nje likapita. Themanini na nane. Miamba ikapita upande wa kushoto, nyeupe kwa mapovu. Themanini na nane. Alipofika pale Ulysse alipozoea kuanzia, akapunguza moto, na sindano ikateremka yenyewe, taratibu.

Nyuma, Anselme alishalinyanyua dema la kwanza ukingoni, anangoja.

"Tosa," Marceline akasema.