Siku Dada Alipoimba Fort Worth

Dada yangu alijifunza nyimbo za kantri kwetu Molo, kwa redio ya Jumapili, akikamua ng'ombe. Alipohamia Houston na kupata kazi ya kutunza wazee, alinileta nikae naye mtaa wa Alief. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane tu, na watu niliwaogopa. Jioni aliimba akipika, nami nilikaa mlangoni mwa jikoni kumsikiliza. Sikutaka kitu kingine.

Kisha akasikia kwamba bendi ya ukumbi mmoja wa dansi mjini Fort Worth, mwendo wa saa nne kwa gari, inatafuta mwimbaji wa kike. Tuliondoka Jumapili asubuhi, yeye amevaa buti mpya.

"Mama angeniona hivi angesema napeleka ng'ombe joshoni," alisema akiendesha.

"Wakikuchukua utahamia huko?"

"Nitahamia. Wewe utakaa kwa rafiki yangu nesi mpaka nijipange. Usininunie."

Aliimba nyimbo tatu. Kwetu mwimbaji akipendeza, watu humzunguka, wakapiga vigelegele, wakamtuza. Pale hakuna aliyemtazama. Walishikana wawili wawili wakazunguka ukumbi mpaka wimbo wa mwisho. Dada akashuka jukwaani, akanipita, akaenda garini.

Nilipokuwa namfuata, mzee mpiga gitaa alinisimamisha mlangoni. Alisema polepole ili nielewe. Hapo watu wasipopenda wimbo hukaa wakanywa bia, na leo hakuna aliyekaa. Nimwambie dada arudi Jumapili ijayo, nafasi ni yake.

Nilimkuta dada akilia, ameinamia usukani.

"Hata mmoja hakuniangalia. Yule mzee alikuwa anakuambia nini?"

"Alituaga tu," nikasema.

Niliogopa kuachwa. Sina sababu nyingine.

Hakurudi Fort Worth, na hakuimba tena. Jikoni nilisikia mwiko na sufuria tu. Nilikuwa naye kila siku, na kila siku nilimkosa. Wakati mwingine, akiwa kazini, nilijaribu kuimba mwenyewe zile nyimbo, nikaacha katikati.

Miaka mitatu ilipita kabla sijamwambia maneno ya yule mzee. Alikuwa akikata sukuma wiki. Kisu kikasimama.

"Kumbe walicheza kwa kupenda?"

"Ndiyo, Dada."

"Hata ule wa tatu?"

"Hata ule wa tatu."

Hakunigombeza. Alirudi kukata, taratibu, jani baada ya jani. Nilingoja aimbe, hata ubeti mmoja. Alipomaliza alinyoosha mkono bila kunitazama, akaniomba kitunguu.