Nilivyokubali Mahari ya Binti Nisiyemjua

Heri niwaambie mwenyewe, maana najua mume wangu, Baba Rasoa, huwa anaisimulia hii habari mimi nikiwa jikoni, na kila akiisimulia anaitia chumvi mpaka haiwezi kulika. Ndiyo, ni mimi. Mimi Kageha, mama wa watoto sita, kiongozi wa akina mama kanisani, nilikwenda ugenini nikaposa msichana wa watu, nikakubali mahari yake yote bila kupunguza hata ndama, nikapakwa siagi kwenye paji la uso, na wakati huo wote sikujua hata jina la huyo msichana.

Tulikuwa tumekaa miaka ishirini na saba kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Kapsoit. Mimi nilichuma majani, Baba Rasoa alikuwa mtu wa kuchochea boila kiwandani. Alipostaafu (Uhuru ulikuwa haujatimiza hata miaka kumi), watoto walikuwa wameshatupangia kila kitu: turudi kwetu Maragoli, kwa Waluhya wenzetu, tukae, tulee wajukuu, basi. Sikukataa. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu moyoni. Kule shamba la juu, asubuhi ambayo mvua imenyesha na hewa imeoshwa, ulikuwa unaweza kuona mbali kabisa upande wa kusini, mahali chai inapoisha na vilima vinashuka na nchi inageuka rangi ya bluu. Siku moja nilimuuliza nyapara kule kuna nini, akaniambia kule ni Chepalungu, ni msitu na ng'ombe, halafu mbele ni Wamaasai, hakuna kitu. Sasa fikirieni, miaka ishirini na saba nimeinama juu ya chai, na kila nikinyoosha mgongo naona hiyo "hakuna kitu" inaniita. Nikajiambia, Kageha, una miaka hamsini na sita, magoti bado yanakubali, ukisharudi Maragoli utafungwa na wajukuu kama mbuzi na kamba. Nenda sasa.

Niliposema kanisani kwamba nakwenda Chepalungu, akina mama walinishangaa. Mmoja akaniuliza nina mtu gani huko. Mwingine akasema kama ni lazima nitembee, si niende Mombasa nione bahari kama watu wengine, huko angalau watu wanasema Kiswahili. Na mimi, kwa kiburi tu, kwa vile wote walikuwa wananitazama, nikajibu, "Lugha yao naijua."

Hapo ndipo nilipojikwaa. Kikipsigis, lugha ya huko, nilikuwa najua maneno matatu. Nilijua "chamgei", ambayo ni salamu, nilijua "kongoi", ambayo ni asante, na nilijua "wei", ambayo mtu akiambiwa jambo anaitikia, kama sisi tunavyosema sawa, ndiyo. Yote matatu nilifundishwa na rafiki yangu Tapkigen, mama aliyekuwa akituuzia maziwa sokoni Kapsoit, na hata naye mazungumzo yetu yote tulikuwa tunayafanya kwa Kiswahili. Ni yeye aliyeniambia nikifika huko niulize nyumba ya kaka yake, Arap Rono, atatupokea. Lakini neno lilishatoka kinywani, na jioni hiyo Baba Rasoa akaniuliza kwa upole wake kama kweli nitaweza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mkalimani ni mimi.

Tuliondoka Kericho alfajiri kwa basi, tumevaa nguo zetu za kanisani, mimi na kofia yangu nyeupe, yeye na koti la suti na tai. (Kumbukeni hayo mavazi, ndiyo yaliyotumaliza.) Jamani, nilifurahi siku hiyo. Nilikaa dirishani kama mtoto. Tukapita chai, chai, chai, halafu chai ikaanza kuachana, ikaja mahindi, zikaja nyasi ndefu na ng'ombe wengi kuliko watu, na mbele yetu ile rangi ya bluu ikawa inageuka miti kabisa, miti ya kweli, na mimi nikawa namvuta Baba Rasoa mkono kila dakika nikimwonyesha, hata akaniambia macho anayo mwenyewe. Baada ya Bomet tukachukua gari lingine, na hilo likatushusha kwenye soko dogo lenye maduka matatu, likageuza. Barabara ilikuwa imeisha.

Nikaingia duka la kwanza, nikasema chamgei kwa sauti kubwa, nikamwambia mwenye duka tunataka nyumba ya Arap Rono. Akatutazama kuanzia kofia mpaka viatu. Akatabasamu sana. Akasema kitu kirefu kwa Kikipsigis, na mwishoni kabisa, kwa vile sauti ilipanda, nilijua ni swali.

Hapo ningesema tu, baba, sijasikia, sema kwa Kiswahili. Kiswahili alikuwa nacho, nilikuja kujua baadaye. Lakini Baba Rasoa alikuwa amesimama nyuma yangu akimngojea mkalimani wake. Nikasema, "Wei."

Yule mtu akafurahi, akafunga duka, akatusindikiza mwenyewe. Nikamwambia Baba Rasoa, unaona watu walivyo wakarimu? Tulitembea kama nusu saa, tukatokea kwenye boma kubwa, na hapo tukakuta watu wengi sana wamekaa kwenye nyasi, wazee upande huu na blanketi zao, akina mama upande ule, na moshi wa mapishi. Tulipotokea, wote wakasimama. Mimi nikadhani Tapkigen ametuma habari mbele. Nikasema chamgei, wakaitikia kwa kishindo, nikaona mzee mmoja anamwambia mwenzake jambo huku ananionyesha, amefurahi kwamba Mluhya huyu anasema lugha yao. Kuanzia hapo hakuna aliyejisumbua tena na Kiswahili.

Tukapewa viti vya mbele. Tukaletewa mursik, yale maziwa yao ya kwenye kibuyu yenye mkaa, na mimi nikanywa nikasema kongoi, wakanimiminia tena. Kisha mzee mwenye boma, mrefu, masikio yametobolewa na kufungwa juu, akasimama akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu na kwa heshima. Kila akifika mahali pa kupumua ananitazama, na mimi nasema wei. Akaonyesha nyumba iliyofungwa mlango. Wei. Akaonyesha zizi la ng'ombe. Wei. Akainua vidole, akavikunja, akavinyoosha tena, akaonyesha zizi, akanionyesha mimi, nami nikaelewa kabisa, kwa akili yangu, kwamba mzee anajisifu ng'ombe alizo nazo. Kwa heshima nikaitikia kwa nguvu zaidi, na nikaongeza kongoi.

Wazee wakatazamana. Mzee akarudia vidole polepole, kama mtu asiyeamini masikio yake. Nikasema, "Wei, wei."

Akina mama wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe zikashtuka. Baba Rasoa akaninong'oneza kwa lugha yetu, "Wanasema nini?"

"Wanatukaribisha," nikamwambia.

"Hivi ndivyo wanavyokaribisha kila mtu?"

Nikamwambia anyamaze asituaibishe. Na hapo mama mmoja mzee akaja na siagi kwenye ganda la kibuyu, akanivua kofia kwa upole, akanipaka kwenye paji la uso, akampaka na Baba Rasoa, na mimi, wenzangu, machozi yalinitoka. Niliona sasa nimefika. Niliona miaka yote niliyoitazama nchi hii kutoka mlimani, kumbe na yenyewe ilikuwa inaningojea.

Siagi haikuwa hata imeyeyuka vizuri ndipo nikasikia sauti za watu zikija njiani, na nikasikia mtu anasema Kilogooli, lugha yetu.

Wakatokea. Mbele alikuwa mwalimu wa shule, kaka wa msichana, aliyekuwa ametumwa barabarani kungoja wageni na kuwa mkalimani wao, akawafuata mpaka mtoni. Nyuma yake mume na mke wa makamo yetu, baba amevaa suti na tai, mama amevaa kofia nyeupe, wote matope mpaka magotini kwa sababu lori lao lilikuwa limezama mtoni tangu asubuhi. Yule mwalimu akatutazama sisi, akawatazama wale, akamuuliza baba yake jambo. Mzee akajibu, akatuonyesha. Na mwalimu akashika kichwa.

Akatueleza kwa Kiswahili, pole pole, kila mtu akisikia. Dada yake ni muuguzi, amechumbiwa na kijana wa Kimaragoli anayefanya naye kazi hospitali moja, na leo ndiyo siku wazazi wa kijana walikuwa wanatazamiwa kuja kuzungumza mahari. Hapa ni kwa Arap Rono, ndiyo, lakini kwa Arap Rono mwingine, maana huku wako wengi. Kaka ya Tapkigen anakaa mlima wa pili. Halafu akamgeukia yule baba mwenye matope, akamwambia ng'ombe zimeshakubaliwa, na akamtajia ni ngapi.

Yule baba hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alinitazama siagi usoni, akaniambia kwa lugha yetu, "Mama, mimi ni karani wa posta. Ng'ombe hizo sitazipata mpaka nife." Akamwambia mke wake waondoke, na kama wageni wamekubali, basi kijana wa wageni na aoe. Mama akaanza kulia. Na ndani ya ile nyumba iliyofungwa mlango, ile niliyoiambia wei, nikasikia mtu mwingine analia, sauti ya msichana, na hapo ndipo nilielewa nilichofanya. Yule alikuwa na maisha yake yote mle ndani, na mimi nilikuwa nimeyakanyaga kwa neno moja nililofundishwa sokoni.

Wazee nao walikuwa wamekasirika. Mmoja akasema kwa Kiswahili chake, "Neno imetoka mbele ya watu. Namna gani tena tunarudisha?"

Nikasimama. Nikasema yote, mwalimu akitafsiri: kwamba mimi ni mchumaji wa chai tu, kwamba tulikuja kutembea, kwamba lugha yao siijui, nilidanganya kanisani, nikamdanganya na mume wangu, na hizo ng'ombe nilidhani mzee ananihesabia mali yake. Nikasema sikuelewa hata neno moja. Wengine wakatikisa kichwa, hawakuamini. Mtu aliyeitikia vizuri namna ile, mahali panapofaa kabisa, aseme hakuelewa?

Yule mzee mwenye boma akanisogelea, akanitazama machoni, akaniuliza jambo kwa Kikipsigis, kwa sauti ileile ya heshima, na akangoja.

Naapa sijui kilichonipata. Ni mazoea. Ni woga. Nikasema, "Wei."

Kwanza walicheka watoto. Halafu akina mama, halafu wazee, mmoja akashika fimbo yake asianguke. Nilimtazama mwalimu anisaidie, naye alikuwa anajifuta macho. Akaniambia, "Mama, amekuuliza kama wewe ni fisi."

Hata Baba Rasoa alicheka. Karani wa posta mwenyewe, aliyekuwa ameshageuka kuondoka, mabega yalianza kumtikisika. Na mzee akawageukia wenzake akawaambia kwamba wamejionea wenyewe, na wei ya fisi haiwezi kufunga ng'ombe za mtu. Wakaanza upya. Mkalimani akakaa katikati, wakabishana kama watu wazima mpaka jua likainama, ng'ombe zikapungua, karani akapumua, na mlango ukafunguliwa tukamwona binti. Mzuri, mrefu kama baba yake. Jina lake Chelangat. Alikuja kunisalimu, nami nikashindwa kumtazama.

Mimi wakati huo nilikuwa nimehamia nyuma, kwa akina mama wa jikoni, namenya ndizi, na nilikuwa nimeamua sifungui mdomo tena isipokuwa kula. Kesho yake tulipofika kwa kaka ya Tapkigen, habari zilikuwa zimeshatangulia, watoto walitupokea njiani wakiniita fisi. Lakini tulikaa siku nane, na sizijutii hata moja. Niliingia ule msitu. Nilifika mahali miti inapoisha nikaona tambarare ya Wamaasai imelala pale chini, haina mwisho, na Baba Rasoa alikaa karibu nami kwenye jiwe akasema kwa kweli nyapara alikuwa mwongo.

Basi hiyo ndiyo aibu yangu, na mkimsikia mtu anasema nilikubali ng'ombe mia, mjue ni chumvi ya Baba Rasoa. Sijaapa kutosafiri, hapana. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tunakwenda Lodwar, kwa Waturkana, nimeshaona basi linaanzia wapi. Nilichoapa ni kitu kimoja: sitaenda kwa watu tena na neno la kukubali kabla sijajua neno la kusema sielewi. Nimempata Mturkana mmoja, mlinzi, nimemwambia anifundishe hilo tu. Salamu nitajifunza nikifika.