Gari Tuliloliosha

Mlango wa gari la babu ulikuwa ukifungwa unasema pu, mara moja tu, kwa sauti nzito ya taratibu, kama mtu aliyeshiba anayeketi. Kwetu hakuna kitu kingine kilichofungwa hivyo. Mlango wa jikoni ulikuwa bati, wa chooni gunia. Kila asubuhi babu aliwatoa kuku ndani ya gari, akafunga, pu, nami nikajua kumekucha.

Lilikuwa gari la michezo la Kitaliano, jekundu, la milango miwili, fupi kiasi kwamba mbuzi alipanda boneti bila kujisumbua. Zamani babu alikuwa dereva wa mhandisi wa Kitaliano aliyekuja kujenga barabara. Giaboksi ilipokufa na kazi ilipoisha, yule mzungu alimwachia babu gari, kadi yake na barua ya kumkabidhi. Toka hapo lilikaa kwenye banda letu la kakao kule Njisi, pembeni ya masanduku ya kuvundikia mbegu, likinuka siki kama sisi wenyewe.

Baba mdogo ndiye aliyetuamsha. Alitaka shamba la kakao liuzwe apate mtaji wa duka kule Mbugani. Babu aliishi kwenye shamba hilo, na bibi amelala humo, nyuma ya migomba. Wakavutana mpaka wazee wa kanisa wakaja, wakaweka sharti: gari likiuzwa, baba mdogo achukue humo mtaji wake na shamba aliache. Lisipouzwa hadi kakao ya msimu ule iishe kuvunwa, shamba liende.

Baba mdogo alikubali haraka. "Nani atanunua banda la kuku lenye usukani?" alisema. Wazee wawili walicheka, kisha wakakumbuka kuwa ni wazee wa kanisa.

Mimi nilikuwa natoa fotokopi kwenye duka la steshenari. Kidato cha nne nilimaliza kwa kuponea chupuchupu, lakini simu naijua. Nilitafuta mpaka nikapata mnada wa mtandaoni wa ng'ambo, wanauza magari ya zamani tu. Nikapiga picha kama lilivyo: vumbi la miaka, kinyesi cha kuku, na tetea mwenyewe ameatamia siti ya dereva. Wakalipokea. Mnada ungekwenda siku kumi.

Siku ya tatu dau lilifika pa kununua shamba kama letu. Siku ya tano, mashamba matatu. Nilikuwa nalala nikiwa nimeshamnunulia babu godoro, redio na viatu vya kanisani, na kesho yake naongeza pazia.

"Babu, tumeingia shamba la tatu."

"Ndaga fijo," babu alishukuru, ila aliiambia simu.

Chini ya picha watu waliandika maneno, nami niliyatafsiri kwa simu hiyo hiyo. Wengi walirudia jambo moja: msiguse hilo vumbi. Mmoja aliandika kwamba analitaka pamoja na kuku. Masikio yalipata moto. Nilijua tunachekwa kwa uchafu. Siku hiyo hiyo ukaja ujumbe kwamba wakala wao atatoka Dar, afike siku ya nane alikague gari kwa macho.

Kwetu mgeni akija uwanja unafagiliwa mara mbili na ukuta unapakwa udongo upya. Bibi arusi hatoki nyumbani bila kuogeshwa na shangazi zake. Sasa kitu chenye thamani ya mashamba matatu kitoke kwetu na kinyesi? Mimi ndiye niliyesema. Babu alisita, akasema labda tufute vioo tu. Nikamwambia, "Babu, acha ushamba." Nilisema nikicheka.

Tukaliosha kwa sabuni ya unga na mchanga laini. Rangi ya zamani ilipoonekana imefifia kama pilipili kavu, nilimwita fundi anayepaka bajaji. Akalipiga msasa, akalipulizia nyekundu inayong'aa. Fundi makochi akang'oa ngozi za siti zilizochanika, akaweka plastiki yenye maua. Ngozi nikazichoma moto mwenyewe. Mipira ya milango tukabadilisha. Babu alipofunga mlango ulisema kwa, kama sufuria. Alinitazama, halafu akasema limependeza.

Wakala alifika siku ya nane. Babu alimpokea na shati la Jumapili. Yule kijana hakuitikia hata chai. Alilizunguka gari, akakwaruza rangi kwa ukucha, akafungua mlango, akaona maua. Kisha akampigia mtu simu, akiwa amesimama mbele yetu.

"Wamelipaka rangi ya bajaji. Nakuambia kweli. Na siti kama za saluni." Akacheka mpaka akashika goti. Halafu akamgeukia babu. "Mzee, watu walikuwa wananunua hilo vumbi. Umekaa na mali miaka yote hiyo, umeshindwa kukaa siku kumi?"

Babu alifikiri. "Sasa, baba, tulirudishie?"

"Nini?"

"Vumbi."

Yule kijana alicheka tena, akaomba babu arudie ili amrekodi.

Picha mpya zilipowekwa, madau yalifutwa moja baada ya jingine. Akabaki mtu mmoja aliyetaka injini na magurudumu. Kakao ilipoisha kuvunwa, baba mdogo akawaita wazee wa kanisa. Hela ya injini alikuwa ameshaitia mfukoni.

"Sharti lilisema gari. Injini siyo gari," alisema. "Nani aliamuru lipakwe rangi?"

Nilifungua mdomo.

"Mimi," babu akasema.

Nikaufunga. Hata leo sijaufungua mbele yao.

"Basi mzee, na wewe uoge vizuri kabla ya kuhama," baba mdogo akasema. Safari hii wazee hawakucheka. Walitia saini.

Babu sasa anakaa chumba cha nyuma ya duka alilofungua baba mdogo, ambako dirisha linatazama ukuta. Haniulizi chochote kuhusu simu. Akiniona anasema, "Umekula?"

Mwenye shamba mpya alitaka banda libomolewe, na wanunuzi wa vyuma chakavu wangekuja kesho yake. Nilikwenda peke yangu kuchukua masufuria yaliyobaki. Bodi la gari lilikuwa limekaa chini, jekundu tupu, linang'aa. Niliweka masufuria kando, nikachota vumbi kwa viganja viwili pale chini ya masanduku, nikalimwaga juu ya boneti. Nikachota tena. Nilipofika kwenye paa nilikuwa nalinyunyiza kwa vidole, kidogo kidogo, ili likae sawasawa.