Ruhusa ya Sehemu Moja ya Elfu

Kazini walimwita Shangazi Nukta, kwa kuwa hakuna tarakimu iliyopita mbele yake bila kuulizwa inakotoka. Kazi yake ilikuwa kuijaribu chipu kabla haijazaliwa. Wenzake waliiandika saketi kwa maneno, naye akaiendesha ndani ya kompyuta, aone kama itatenda walivyoandika. Kiwanda kikishaichonga, maji yamemwagika, na hayazoleki.

Chipu aliyoijua kuliko zote ilikuwa ya pampu ya dawa, ile inayosimama kando ya kitanda cha mgonjwa na kusukuma dawa mshipani kidogo kidogo: kila msukumo sehemu ya kumi ya mililita, kila msukumo mlio mmoja. Tik.

Mama yake alifia kando ya pampu hiyo.

Mwanzoni alijivuna. "Ubongo wa hiyo nimeujaribu mimi, Mama."

"Kumbe nimelazwa na mjukuu," mama akacheka.

Lakini siku moja muuguzi alibadili kasi ya dawa, akaondoka, na mama akafumbua macho.

"Mwanangu, mashine yako imemeza moja."

"Mama nawe! Mashine haina njaa."

"Haya. Labda masikio yamenitangulia kuzeeka."

Hakulisema tena. Alisikiliza tu, uso ameuelekeza ukutani, hadi pumzi ilipomwisha. Na pampu ikaendelea kulia peke yake mpaka muuguzi alipokuja kuizima.

Miaka ikapita, mlio usipite. Alifunga bomba jikoni, tone la mwisho likachelewa, na moyo wake ukachelewa nalo.

Sasa chipu ya pampu ya toleo jipya ilisubiri saini yake iende kiwandani, na sehemu ya kuhesabu dawa ilikuwa imehamishwa nzima kutoka chipu ya zamani. "Hiyo si ulishaipitisha?" mkuu wa kitengo alimwambia. "Weka saini tu, Shangazi, tukapumzike." Saini hakuiweka. Akalifungua jaribio la zamani.

Jaribio lilikuwa na hesabu yake lenyewe ya kuisimamia chipu: lilijumlisha sehemu ya kumi juu ya sehemu ya kumi, kwa desimali. Ila kompyuta haiwezi kuishika sehemu ya kumi kamili. Ikiandikwa kwa sifuri na moja zake, sehemu hiyo haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho katika desimali zetu, basi kompyuta huikata mkia. Mkia mmoja si kitu. Mikia iliporundikana, hesabu mbili ziliachana na jaribio likapiga kelele. Kila fundi wa kazi hii anaijua dawa yake: ruhusu tofauti kidogo. Zamani zile aliruhusu sehemu moja ya elfu ya jumla. Kelele zikanyamaza, wakanywa chai.

Hakuwaza kwamba jumla ikipita mililita mia, ruhusa ile inaumeza msukumo mzima. Na jaribio lilibadili kasi mwishoni tu, jumla ikishanona.

Akafuta desimali zote. Akahesabu misukumo yenyewe, moja, mbili, tatu, namba zisizo na mkia, na ruhusa akaifanya sifuri. Akaendesha. Hesabu zikalingana, zikaendelea kulingana, akashusha pumzi. Kisha akabadili kasi.

Kwenye kioo cha kompyuta misukumo ilijipanga kama meno. Palepale kasi ilipobadilika, palikuwa na pengo.

Mkuu wa kitengo aliinama kutazama. "Tone moja tu? Daktari yeyote atakwambia halimuui mtu."

"Najua halikumuua."

"Halikumuua nani?"

"Isimamishe. Na hospitali zenye pampu za zamani ziambiwe."

"Shangazi, unajipalia makaa. Saini ya ile ni yako."

"Ndiyo maana nakwambia mimi."

Mkuu akatoka kwenda kukipigia kiwanda simu. Sauti yake ilisikika koridoni, ikiomba radhi, ikieleza, ikiomba radhi tena.

Shangazi Nukta akalirudisha jaribio nyuma, kabla kasi haijabadilika, akaliendesha upya. Kompyuta haikuwa na mlio wowote. Hata hivyo alikaa akisikiliza, uso ameuelekeza ukutani, na pengo lilipofika akalisikia.