Kisanduku cha Umri

Généreuse wa mtaa wa Keshero alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho kilikuwa cha rangi ya njano. Kabla yake, katika ofisi ile ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi vitani, kila mzazi alipokuja ilibidi mkuu wao, Papa Achille, afungue swali la kutafutia majina ndani ya kompyuta na kuliandika upya, huku foleni ikizunguka nyumba. Généreuse, aliyesomea ualimu na wala si kompyuta, alikaa wiki tatu na jedwali la orodha ya watoto mpaka likamtii. Akapaka visanduku viwili vya juu rangi ya njano: kimoja cha jina, kimoja cha umri. Unaandika humo, unabonyeza, swali lenyewe linachukua ulichoandika na kwenda kuchambua orodha ya watoto elfu tisa wa kambi zote za wakimbizi. Papa Achille akamnunulia soda. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kugusa visanduku vile ila yeye, na ole wako uweke kikombe cha chai karibu.

Jumanne moja ya mwaka 2024 akaja Nyiramahirwe, mama wa milima ya Masisi aliyekuwa akiishi kambini Mugunga. Ilikuwa mara yake ya tatu. Alipotezana na binti yake, Bénita, kwenye njia ya Sake siku mabomu yalipoanguka. Na sheria ya ofisi ilikuwa hii: ukitafuta mara tatu bila jibu, faili hufungwa na kwenda kabatini. Faili iliyoingia kabatini, tuseme ukweli, hakuna aliyeifungua tena.

"Jina njo Bénita," Généreuse alisema akiandika. "Na miaka?"

"Saba, mama. Hata ile siku ingine nilikuambiaka saba."

Akaandika 7, akabonyeza. Wakatokea akina Bénita wanne, walewale wa mara zilizopita. Akageuza kompyuta ili mama aone picha. Nyiramahirwe akatazama moja moja bila haraka, akatikisa kichwa.

"Pole, mama. Haiko."

Neno hilo Généreuse alikuwa amelisema mara nyingi hata halikuwa zito tena. Akavuta muhuri wa kufunga faili.

Mama hakulia. Alikunja pembe ya kitenge chake magotini, akaanza kusema polepole, kama mtu anayeeleza habari za mtoto aliyemwacha nyumbani. "Iko mufupi, ule mutoto. Alipofikisha miaka sita nilimupeleka ku masomo, balimurudisha. Mwaka ingine, balimurudisha tena. Mukono yake haikufika ku sikio."

Muhuri ukabaki hewani.

Kote huku, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupimwa hivyo: apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Ukifika, ametimiza sita, aingie darasani. Usipofika, arudi nyumbani akakue. Na Généreuse aliwajua vizuri watu waliokuwa wakiandikisha watoto kule kambini Munigi. Walikuwa walimu, wenzake wa chuo, waliokosa kazi vita vilipofunga shule. Akiletewa mtoto aliye peke yake, asiyejua alizaliwa lini, mwalimu atampimaje? Atampima alivyozoea, na mkono usipofika ataandika mitano. Na njaa hairefushi mkono wa mtu.

"Ngojea kidogo, mama."

Akafuta 7, akaandika 5. Aliogopa, sisemi uongo, aliogopa kuliko mama mwenyewe. Akabonyeza.

Wakaja sita. Nyiramahirwe hakungoja kuulizwa, aliweka kidole juu ya kioo. "Huyu njo wangu," akasema. "Amekonda."

"Iko Munigi, kwa mama moja mwenye kumulea. Leo hii utamuona."

Ofisi nzima ilipiga vigelegele, Papa Achille akatoka mbio kumtafutia mama gari. Nyiramahirwe alimkumbatia Généreuse na kumwombea baraka, naye akaitikia amina, lakini furaha ilikataa kukaa moyoni. Kompyuta haikudanganya hata siku moja. Ilijibu kile ilichoulizwa, na aliyeiuliza alikuwa yeye.

Akaketi. Akakigawa kisanduku cha umri kuwa viwili, kimoja cha kuanzia na kimoja cha mwisho, akalifundisha swali kuleta watoto wote walio katikati. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

"Papa Achille," akasema mkuu aliporudi, "munipatie ufunguo ya kabati."

"Ya kufanya nini?"

"Kuko faili mia moja na kumi na ine. Bote niliwaambiaka haiko."

Papa Achille akautoa ufunguo.

Faili ya juu ilikuwa ya baba mmoja wa Beni, Kakule, ambaye faili yake ilifungwa mwezi wa tatu. Alikuwa akimtafuta mwanawe Constant, wa miaka minane, mwenye alama ya moto shavuni. Généreuse akaandika 5 katika kisanduku cha kwanza, 9 katika cha pili, akabonyeza. Wa tatu kwenye orodha alikuwa na alama ya moto shavuni.

Akapiga namba ya Kakule iliyoandikwa kwenye faili. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena.