Kifo cha Baba Hakikupita Hewani

Nilikuwa kwenye kibanda changu sokoni Koboko, nakunja vitenge alivyovifunua mteja akaondoka bila kununua, nilipofungua simu nikaona picha ya baba. Ilikuwa kwenye stetasi ya binamu yetu mmoja anayeishi Kampala. Baba alikuwa amevaa koti lake la Pasaka, kofia mkononi, na pembeni mtu alikuwa ameweka mshumaa na maneno, "Pumzika kwa amani Mzee Anguzu." Nilidhani ni utani mbaya. Nikafungua stetasi ya mtu mwingine, nikakuta picha ile ile.

Emilia, mama kutoka Sudani Kusini anayeuza samaki wakavu jirani yangu, aliniona nimesimama kama mti.

"Mama Peace, iko nini?"

Nikampa simu. Aliisoma, akailaza kifudifudi juu ya meza, akanishika mabega na kunikalisha juu ya gunia lake. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba sina baba tena.

Aliyeituma picha ile kwanza ni dada yangu Pasca. Ndiye aliyekuwa na baba hospitali kule Arua. Aliiweka kwenye kundi la wasapu la ukoo, na kabla hajamaliza kulia ilikuwa imefika Kampala, Juba na kwingine nisikokujua. Nilipompata kwenye simu alisema, "Driwaru, nilikuwa peke yangu na yeye. Nesi alikwenda kuita watu wa mochwari. Nilitaka mtu yeyote ajue, hata mmoja." Niliomba Mungu anisaidie nisimlaumu, na amenisaidia. Lakini kati ya watu wote wa kijiji chetu, Pajulu, baba ndiye ambaye habari yake haikupaswa kwenda namna ile.

Baba alizaliwa Pajulu, mama yake akiwa mtu wa Ludara, upande wa Koboko. Vita ilipokuja West Nile alikuwa kijana, akakimbilia Kongo kama wengine, na huko, kwenye misheni ya mapadri, akafundishwa kutumia redio ya kuitana, ile ambayo Wakongo wanaiita foni. Unabonyeza unasema, ukimaliza unasema "ova", unaachia unasikiliza. Aliporudi alipata kazi katika ofisi ya afya ya kanisa mjini Arua, kuziita zahanati za mbali kila siku: nani amepungukiwa dawa, mama gani anahitaji gari. Simu za mkononi zilipoenea, kazi ile ikaisha. Wakamwachia redio moja ya zamani, ile aliyokuwa ameifunga nyumbani tangu tukiwa wadogo, waya ukitoka paa la jiko hadi kwenye mtiki wa jirani, betri ikichajiwa na sola. Watu walisema ni mchezo wa mzee asiye na kazi. Yeye alikubali. "Ndiyo, ni mchezo," alisema. "Wengine wanacheza kamari."

Jioni waliitana. Kulikuwa na katekista mmoja wa kule Adumi, mzee mmoja upande wa Kongo, na Swaib wa Koboko, fundi wa baiskeli, Mwislamu, rafiki yake mkubwa. Ludara pia baba alipeleka redio, akaifunga kwa mikono yake katika boma la mjomba wake. Waliongea Kiswahili, maana hicho ndicho Mlugbara, Mkakwa na Mkongo walichokuwa nacho kwa pamoja. Tukiwa watoto tulijua sheria zao kama amri za katekisimu. Mtu akiongea, wengine wananyamaza. Ukisikia mtu anaitwa na hajibu, jibu wewe. Habari ya mtu hubadilishi neno.

Na habari ya kifo ilikuwa na njia yake. Baba hakuwahi kuitupa hewani kama bei ya simsim sokoni. Nakumbuka alivyoanza.

"Ludara, Ludara, hapa Pajulu. Ova."

"Pajulu, Ludara iko. Sema, ova."

"Iko nani karibu na wewe? Ova."

"Mimi tu na watoto."

"Toa watoto. Ita mutu mukubwa. Mimi nangoja."

Alingoja kweli, mkono mbali na kitufe, betri ikiisha iishe. Adumi nao walingoja, Kongo nao, hakuna aliyeingiza salamu. Mtu mzima akifika, baba alimwuliza kama amekaa. Ndipo alipotaja jina la marehemu.

Aliamini kwamba hewa ile ilitulea. Simu aliitumia, alikuwa na kisimu chake cha tochi, lakini hakuiheshimu. "Kwenye simu mtu anakuambia yuko njiani na bado yuko kitandani," alisema. "Hewani hawezi. Mke wake anasikia, shemeji anasikia, katekista anasikia." Aliona kwamba tangu kila mtu awe na habari zake sikioni mwake, watu wamepoteza kusikilizana. Jirani anaumwa wiki nzima na ukuta wa pili hawajui. Mtu akifa, mikono mingi inaandika "pole" na michache inashika jembe. Katika misa za wafu aliangalia waliokuja, akarudi nyumbani amekasirika.

Pasca hakukubaliana naye hata siku moja, na alikuwa na sababu.

Pasca alikuwa sekondari ya bweni, likizo akikaa Ludara kwa mjomba wa baba, alipofukuzwa shule kwa sababu ya mimba. Ujumbe wa shule ulifika ofisini kwa baba, naye akaupitisha kwa foni kwenda Ludara kama alivyopitisha ujumbe wa mtoto wa mtu mwingine yeyote. Aliamini kuuficha kwa kuwa ni wake kungekuwa dhambi. Pasca aliposhuka kwenye lori na sanduku lake, wanawake kisimani walikuwa wanajua. Kijana mmoja wa pale, Pitia, akawa anamwigiza baba kila Pasca anapopita: "Pasca iko na tumbo, ova!" Mtoto alizaliwa, akafa kabla hajatembea.

"Hewa yako ilinivua nguo," Pasca alimwambia baba, miaka mingi baadaye.

"Na mtoto alipokufa, nani hakuja?" baba alijibu. "Ludara nzima ilikuja."

"Walikuja kutazama, Baba."

"Walikuja."

Hawakufika mbali zaidi ya hapo. Pasca alimpikia, alimfulia, alimpeleka hospitali, lakini redio ikiwashwa alitoka nje. Kwenye hewa wale wazee walipungua. Yule wa Kongo akanyamaza, hatukujua kwa nini. Katekista akafa. Ludara hawakuwa wakijibu kwa miaka, ila baba aliwaita kila jioni kabla ya kumwita Swaib.

Sasa, kwetu mtu haingii kaburini mpaka ukoo wa mama yake uambiwe kwa mdomo, uje, umtazame uso. Baba mdogo, Acidri, alinipigia siku ile ile sauti imekauka.

"Wajomba wa Ludara wameiona picha. Wanasema hawajaambiwa. Hawaji."

"Waambie kwa simu, Baba mdogo."

"Nimepiga, wanakata. Wewe uko karibu, binti yangu. Nenda. Bila wao hakuna jembe litakaloingia ardhini hapa, na mwili haungoji."

Nilipitia kwa Swaib. Alikuwa ameshasikia. Alivua aproni yake ya grisi, akavaa kanzu, tukapanda boda wawili hadi Ludara. Njia nzima nilisali rozari kwa vidole, kwa kuwa yangu niliiacha kibandani.

Mzee Lemi, mtoto wa yule mjomba, ndiye sasa mkuu wa boma. Walikuwa wamekaa uani, wanaume na wanawake, kama watu waliokuwa wakitusubiri.

"Karibu," alisema. "Unatafuta nani?"

"Natafuta wajomba wa baba yangu."

"Baba yako ni nani?"

"Anguzu wa Pajulu."

"Ah, Anguzu! Tumeona picha yake. Amependeza na koti. Ametusalimu?"

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo.

"Lemi, wacha mchezo na mtoto," Swaib alisema. "Iko na msiba."

"Mimi nacheza? Nyinyi ndio nacheza! Mutu ya Ludara anakufa, na mtoto wangu ananisukumia simu: 'Baba, tazama, Anguzu alikufa.' Mimi iko nakula! Ugali iko mdomoni! Niteme, nimeze, nifanye nini? Anguzu mwenyewe hangenifanyia hivi."

"Hangefanya," Swaib alisema. "Na redio aliyokuwekea iko wapi?"

"Iko. Kuku anatagia ndani."

"Na waya?"

"Wanaanika nguo."

"Basi angekuita vipi? Kuku ndio angepokea?"

Safari hii uani walicheka kwa nguvu, na kicheko kilimwangukia Lemi. Naye alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, lakini hakulegea. Akaniuliza, "Nani alifunga macho yake?"

"Pasca."

Kicheko kikakatika. Wakubwa walitazamana, wengine wakatazama chini.

"Basi aje Pasca aseme," Lemi alisema. Nikampa simu yangu aongee naye. Alirudisha mkono nyuma kama nimempa kaa la moto. "Nimesema aje."

Nilitoka hadi barabarani, nikampigia.

"Pale?" Pasca alisema. "Katika uwanja ule? Siendi. Mzikeni bila wao."

"Baba mdogo amekataa."

"Basi akae mochwari mpaka kiama."

"Nakuombea, dada."

"Wewe omba. Mimi ndiye nitakayesimama mbele yao."

Akakata. Swaib alirudi Koboko, mimi nikabaki kwa Lemi, nikalala na wanawake jikoni. Walinipa chai na hawakuniambia neno baya, lakini hakuna aliyelia, kwa kuwa kwao kifo kilikuwa bado hakijatokea. Mimi pia nikazuia yangu. Sijui kama kuna mzigo mzito kama huo.

Asubuhi boda ikaingia, Pasca nyuma yake, vumbi hadi kwenye kope, bado amevaa gauni alilokuwa nalo hospitali. Hakunisalimu. Alisimama katikati ya uwanja. Pitia yule alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba, mvi kichwani, fimbo kati ya magoti. Pasca alimpita kwa macho kama nguzo.

"Toeni watoto," alisema.

Lemi mwenyewe aliinuka, akawafukuza watoto hadi nyuma ya ghala. Aliporudi, Pasca alimwuliza kama amekaa. Lemi akakaa.

"Anguzu, mtoto wa dada yenu, amekufa. Mimi nilikuwa naye. Mimi nilifunga macho yake."

"Alisema nini?" Lemi aliuliza.

"Alikuwa anaita. 'Ludara, Ludara.' Mkono kwenye blanketi, anabonyeza, anaachia. Anabonyeza, anaachia. Nilimwambia Ludara wamejibu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilimdanganya. Hakuna kingine alichosema."

Lemi aliinamisha kichwa. Mama mmoja mzee kando ya jiko akapiga ukelele wa kwanza, wakamfuata wengine, ndipo na mimi nikapata kumlilia baba yangu. Pasca hakulia. Alikaa chini vumbini pale aliposimama, miguu imenyooshwa mbele, akaomba maji.

Tulimzika kesho yake Pajulu. Watu wa Ludara walikuja na lori la kukodi. Baba mdogo Acidri aliwapokea njiani, akaomba radhi mbele ya wote, na mbuzi akachinjwa kwa ajili ya kosa la picha. Kisha jeneza likafunguliwa, wakaingia mmoja mmoja kumtazama. Lemi alikaa humo muda mrefu kuliko wengine.

Wachimba kaburi walikuwa wachache. Kutoka kwenye kundi la ukoo, lenye watu tusiowajua hata majina, waliokuja walitosha kukaa kwenye mikeka miwili. Mawe yalikuwa mengi chini, na Lemi na wenzake, wageni, wakavua mashati wakashuka kuchimba, jambo ambalo si kazi ya wajomba. Acidri aliona aibu, akashuka naye, mzee wa magoti mabovu.

Katekista wa Pajulu aliongoza sala. Tuliimba nyimbo mbili kwa Kilugbara na moja kwa Kiswahili. Swaib alisimama kando na Waislamu wawili kutoka Koboko, viganja vimefunguliwa, akamwombea kwa namna yake. Kijana mmoja aliinua simu apige picha jeneza likishuka. Pasca alimtazama tu, naye akaishusha.

Baba alishushwa alasiri kwa kamba. Lemi alitupa udongo wa kwanza kwa niaba ya bibi, mama yake baba, wakafuata ndugu zake baba, akafuata Pasca, nikafuata mimi. Wanaume walijaza kaburi kwa zamu. Tukasimika msalaba wa mbao wenye jina lake na mwaka. Watu wa Ludara walikula, wakaaga kila mmoja kwa mkono, wakapanda lori lao. Pasca na mimi tulibaki tukiosha masufuria.